Jamhuri na konfederesheni hazina ugomvi

Nimeulizwa tena swali lile lile: kati ya jamhuri na konfederesheni, upi ni mfumo bora wa serikali? Safari hii limekuja kama mada ya mdahalo, na pande mbili zimekwisha kupangwa. Nafundisha sheria ya katiba, na nimechoka kulikuta swali hili kwenye insha na mitihani kana kwamba lina jibu. Ni sawa na kuuliza kama fulani ni mrefu au ni mwalimu.

Jamhuri inahusu mwenye mamlaka ni nani: ni wananchi, na ukuu wa nchi haurithiwi. Konfederesheni inahusu mamlaka hayo yamekaa wapi pale nchi kadhaa zinapoungana: yamebaki kwa wanachama, na chombo cha pamoja kinafanya kile tu walichokikasimu. Kinyume cha jamhuri ni ufalme. Kinyume cha konfederesheni ni shirikisho, ambamo serikali kuu inamfikia mwananchi moja kwa moja, na, mbali zaidi, nchi yenye serikali moja.

Ndiyo maana michanganyiko ya kila aina ipo. Uholanzi, tangu 1581 hadi 1795, ilikuwa jamhuri na konfederesheni kwa pamoja: majimbo saba, kila moja likituma wajumbe waliofungwa na maagizo ya nyumbani. Konfederesheni ya Ujerumani ya 1815 ilijaa wafalme na watawala wa kurithi, lakini Hamburg, Bremen, Lübeck na Frankfurt zilikaa humo humo zikiwa jamhuri. Canada ni shirikisho lenye mfalme. Ufaransa ni jamhuri isiyo shirikisho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokubali mwaka 2017 kupitia hatua ya konfederesheni ya kisiasa, wanachama wake wote walikuwa jamhuri, na hakuna aliyeambiwa aache kuwa jamhuri.

Kinachoniudhi hasa ni hadithi ya Marekani, maana ndiyo inayoletwa kila mara kama ushahidi: eti ilianza kama konfederesheni, ikashindwa, ikageuka kuwa jamhuri. Hapana! Kati ya 1781 na 1789, wakati wa konfederesheni hiyo, majimbo yote 13 yalikuwa jamhuri tayari. Mfalme wa Uingereza walikwisha kumkana tangu 1776. Kilichokosekana ni mkono wa serikali ya pamoja kumfikia mwananchi. Kongresi, chombo chao cha pamoja, iliweza kuyaomba majimbo fedha, haikuweza kumtoza mtu hata senti. Iliweza kuamua vita, lakini askari ilibidi iwaombe majimboni. Mwaka 1781 ilipendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje ili ilipe madeni ya vita. Kubadili mkataba uliowaunganisha kulihitaji ridhaa ya majimbo yote. Rhode Island, dogo kuliko yote, likakataa mwaka uliofuata, na pendekezo likafa. Mwaka 1783 likaletwa jipya, na safari hiyo New York ndiyo iliyokwamisha.

Katiba mpya ilipoanza kazi 1789, serikali kuu ilipata uwezo wa kutoza kodi yenyewe, wa kutunga sheria inayombana mtu moja kwa moja, na mahakama ya kuisimamia sheria hiyo. Huko ni kutoka konfederesheni kwenda shirikisho. Ujamhuri ulikuwa pale pale, na ulishughulikiwa peke yake: ibara ya 4 ya Katiba hiyo inalidhaminia kila jimbo serikali ya kijamhuri. James Madison, mmoja wa walioiandaa, alipoitetea mwaka 1788 aliyatenga vivyo hivyo. Kwanza aliuliza kama katiba ile ni ya kijamhuri, akalimaliza hilo, ndipo akaingia kwenye uhusiano wa majimbo na serikali kuu. Zaidi ya miaka 200 baadaye bado tunayachanganya.

Na msiniletee majina kama ushahidi. Uswisi inajiita konfederesheni mpaka leo, ilhali katiba ya 1848, iliyokuja baada ya vita fupi ya 1847 kati ya kantoni zake (yaani majimbo), iliifanya shirikisho. Majimbo ya kusini mwa Marekani yaliyojitenga 1860 na 1861 nayo yalijiita konfederesheni, lakini utangulizi wa katiba yao unataja serikali ya shirikisho ya kudumu, na Aprili 1862 serikali yao kuu ikatunga sheria ya kuwaandikisha wanaume jeshini kwa lazima. Anza na vifungu vya kodi, jeshi na mahakama; jina lisome mwisho.

Hata hivyo mipaka yenyewe si safi kama vitabu vya kiada vinavyoichora. Uholanzi ile ile ilikuwa na cheo cha stadhouder, yaani kiongozi mkuu wa jimbo, na mwaka 1747 kikafanywa cha kurithi katika majimbo yote. Je, bado ilikuwa jamhuri? Nasema ndiyo, ila siwezi kumlaumu anayesita. Poland na Lithuania zilijiita jamhuri huku zikichagua mfalme.

Na kipimo changu cha mkono unaomfikia mwananchi kinayumba mbele ya Umoja wa Ulaya. Mahakama yake iliamua mwaka 1963 kwamba mkataba unampa mtu binafsi haki anazoweza kuzidai mahakamani. Kanuni za Umoja zinatumika bila kusubiri mabunge ya wanachama, na wananchi wanauchagulia bunge wenyewe tangu 1979. Hizo ni tabia za shirikisho. Lakini mikataba yake haibadilishwi bila ridhaa ya wanachama wote, hauna jeshi, kodi zinakusanywa na nchi zenyewe, na Uingereza iliondoka 2020. Hilo la kuondoka silipi uzito mkubwa: mkataba wa Marekani wa 1781 ulijitangaza kuwa muungano wa kudumu, na bado ulikuwa konfederesheni. Nikibanwa, nauweka upande wa konfederesheni kwa sababu ya kodi na ile ridhaa ya wote, na najua wapo wenzangu wa fani hii watakaonipinga kwa hoja nzito.