Kufunga pampu ya mashine ya kukamulia: kwa nini ya Tanga ilishindwa Njombe

Mfugaji mmoja wa nje kidogo ya mji wa Njombe alinunua mashine ya kukamulia iliyotumika, kutoka kwa mwenzake wa Tanga aliyekuwa anapunguza mifugo. Kule Tanga ilikuwa inaendesha ndoo tatu kwa mpigo bila shida. Njombe ikagoma. Ng'ombe mmoja akirusha teke na kikombe kikachomoka kwenye chuchu, vikombe vya wale wawili wengine navyo vinadondoka, pu, kwenye samadi. Fundi wa kwanza alisema pampu imechakaa. Wa pili akabadilisha mapezi, vile vibao vinavyozunguka ndani ya pampu. Nilipoitwa mimi niliikuta pampu nzima kabisa. Kilichobadilika ni mwinuko wa mahali.

Kwenye mafunzo yetu ya zana za maziwa, swali la kila siku ni "geji niweke ngapi?" Ni nadra mtu aulize pampu yake inavuta hewa kiasi gani. Geji inakuonyesha ombwe, yaani mvuto unaobaki hewa ikinyonywa, lililomo kwenye bomba kwa dakika ile. Haikuambii una akiba gani pale hewa itakapoingia ghafla.

Pampu nyingi za kukamulia huku kwetu ni za mapezi. Ndani ya silinda kuna rota iliyokaa upande kidogo, si katikati. Rota ina mifereji, na kila mfereji una pezi linalotupwa nje kwa kasi ya mzunguko na kuserereka ukutani. Kila mzunguko, pampu inameza ujazo uleule. Ujazo ni uleule, ila hewa iliyomo si ileile. Tanga, usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101. Njombe, mji unaokaribia mita 2,000, ni kama 80. Ukivuta ombwe la kilopaskali 50 Tanga, ndani ya bomba inabaki 51. Njombe inabaki 30 tu, hewa nyepesi, na kila mmezo unatoa kidogo. Ukipiga hesabu, pampu iliyoandikwa lita 200 kwa dakika pwani inakupa kama lita 150 kule juu. Robo nzima imekwenda na mlima, na wafugaji wa Eldoret au Nyandarua wako kwenye hesabu hiyohiyo.

Wengine wakishaambiwa hivyo hukimbilia kupandisha geji. Hapana. Chuchu inahisi tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la ndani, na geji inapima tofauti hiyohiyo, iwe pwani au mlimani. Kipimo hakibadiliki. Mlimani unanunua pampu kubwa zaidi, au unapunguza ndoo.

Sasa tuifunge. Iweke nje ya chumba cha kukamulia lakini karibu nacho, ili bomba liwe fupi, kwenye kibanda kinachopitisha hewa. Sakafu iwe zege, na chini ya fremu weka vipande vya mpira. Bomba la kutolea moshi wa oili litoke nje ya jengo, lisiwe jembamba kuliko tundu la pampu, na literemke kuelekea nje ili maji na oili visirudi ndani. Mdomoni funga wavu wa matundu makubwa. Niliwahi kufungua bomba la namna hiyo nikakuta dondora wamejenga kiota cha udongo, na mwenye mashine alikuwa ameshanunua mota mpya kwa kudhani ya zamani imechoka.

Upande wa kuvuta, kabla tu ya pampu, lazima pawe na tangi la kunasa maji lenye valvu ya kumwagia chini. Huu ndio mtambo mdogo ambao wauzaji wa bei nafuu huuacha, na sina subira nao. Siku maziwa yakifurika kwenye ndoo, au maji ya kuoshea yakivutwa, yasipokutana na tangi yataingia moja kwa moja kwenye pampu, na mapezi yatakwama.

Mkanda: nyoosha uzi uguse nyuso za puli zote mbili ujue kama zimelingana. Kisha bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ushuke milimita 10 hadi 15. Ukikazwa sana unaua beringi. Mkanda mpya hutanuka, kwa hiyo upime tena baada ya siku chache.

Kabla ya kuvalisha mkanda, washa mota sekunde moja uone inazungukia wapi, ulinganishe na mshale uliochongwa kwenye mwili wa pampu. Kama ni umeme wa fezi tatu na inazunguka kinyume, fundi umeme abadilishane waya mbili za fezi. Vijijini umeme hushuka nguvu jioni, saa ileile ya kukamua, hivyo swichi ya kukata mota inapopata joto si anasa.

Oili iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji. Kwenye kikombe cha oili cha kioo utaona matone yakishuka moja moja. Yahesabu kwa dakika, ulinganishe na kitabu cha mashine. Kikombe kilichojaa ambacho matone yake yamesimama kinadanganya watu wengi sana.

Kuweka kipimo: ziba vikombe vyote kwa vizibo vya mpira, washa, acha pampu ipate moto kwa dakika 15, ndipo uzungushe regyuleta, ile valvu inayoingiza hewa ili ombwe lisizidi, mpaka geji isome kilopaskali 42 hadi 45, labda kama mtengenezaji ametaja namba yake. Mashine nyingi ndogo zinazoingia sasa zina geji ya megapaskali. Humo 45 ni 0.045 chini ya sifuri. Ya inchi za zebaki itasoma kama 13. Ombwe likizidi, ncha ya chuchu inakakamaa, na mlango wa ugonjwa wa kiwele umefunguka. Likipungua, vikombe vinateleza na ng'ombe anachelewa kumaliza.

Halafu sikiliza regyuleta. Inapaswa kupuliza, fyuuu, muda wote wa kukamua. Sauti hiyo ni hewa ya ziada ambayo pampu inaweza kuvuta lakini haihitajiki. Ikinyamaza, huna akiba. Chomoa kizibo cha kikombe kimoja, tazama geji: ikishuka zaidi ya kilopaskali 2, ama bomba linavuja, ama pampu ni ndogo kwa ndoo ulizounganisha. Povu la sabuni halitakusaidia kupata uvujaji, maana hewa inaingia, haitoki. Povu linamezwa tu. Pitisha sikio kwenye maungio.

Wakati wa kuzima, fungua kwanza bomba liingize hewa. Ukizima ombwe likiwa bado limo, na hakuna valvu ya kuzuia kurudi nyuma, pampu itazunguka kinyume, ivute oili kuelekea kwenye bomba na kuumiza mapezi.

Kwa yule mfugaji wa Njombe, tulichomoa ndoo ya tatu. Regyuleta iliyokuwa bubu ikaanza kupuliza palepale. Alitaka aweke puli kubwa kwenye mota ili pampu izunguke kasi zaidi, tukaangalia bati la pampu: tayari ilikuwa kwenye mwisho wa mizunguko iliyoruhusiwa. Anakamulia ndoo mbili sasa, na ya tatu amewekea maziwa ya ndama.