Nani alikuwa anatania? Namna ninavyoamua kesi za mzaha

Katika kazi yangu ya kusimamia mijadala ya mtandaoni, kesi zinazonila muda si za matusi. Tusi hujitambulisha lenyewe. Zinazonisumbua ni zile ambazo mtu kaandika mstari mmoja wa utani, mwenzake kauona ni shambulio, wa tatu karipoti, na sasa mimi ndiye natakiwa kusema nani ana haki.

Chukua maneno haya: “Hongera, leo umetufundisha kitu.” Akiambiwa mtu aliyeeleza kwa kirefu jinsi ya kufufua programu iliyogoma, ni shukrani. Akiambiwa aliyekosea hesabu mbele ya watu, ni kebehi. Akiambiwa huyo huyo wa hesabu na rafiki ambaye wiki nzima wamekuwa wakichokozana na kucheka, ni utani. Hakuna herufi iliyobadilika. Ripoti nayo mara nyingi hunifikia ikiwa na mstari huo tu, umenyofolewa kwenye mazungumzo, na anayeuamua hivyo hivyo anapiga ramli.

Mwenye mzaha ndiye wa mwisho kuliona tatizo. Mwaka 2005 wanasaikolojia Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio yao kuhusu barua pepe. Watu waliandika sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wakakadiria kwamba wasomaji wangezitofautisha kwa asilimia 78 hivi. Wasomaji walipatia asilimia 56, karibu sawa na kurusha sarafu. Sentensi zilipotamkwa kwa sauti, wasikilizaji walipatia zaidi ya asilimia 70. Anayeandika husikia sauti yake mwenyewe kichwani, pamoja na kicheko chake, na haimjii kwamba kwenye skrini havipo. Kwa hiyo mtu akiniambia “yeyote angejua natania”, simwoni mwongo. Anasema kweli kuhusu alichokisikia yeye, na aliyeripoti anasema kweli kuhusu alichokisoma.

Hata ile alama ya uso unaotabasamu, :-), ilizaliwa na mkanganyiko huu. Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, watu walitaniana kwa ujumbe wa kompyuta kuhusu zebaki iliyomwagika kwenye lifti, na wengine wakadhani ni onyo la kweli. Tarehe 19 Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta chuoni hapo, akapendekeza alama hiyo iwekwe kwenye mizaha. Inasaidia, ila mchokozi naye huiweka mwishoni mwa tusi.

Basi mimi husoma kwanza yaliyotangulia na yaliyofuata, kisha humwandikia mhusika faraghani: “Hapa ulikusudia nini?” Isipokuwa pakiwa na tishio au siri ya mtu imeanikwa, swali hilo hutangulia adhabu yoyote. Ujumbe unaweza kufichwa kwa muda wakati nasubiri. Hilo halimuumizi mtu. Majibu hunifunulia mengi. Aliyetania kwa nia njema kwa kawaida hushtuka kusikia ameumiza, akarekebisha. Anayeufanya mzaha kichaka cha kujifichia hurudi kumwandama yule yule, na hapo simpi nafasi ya pili ya kusema alikuwa anacheka tu.

Lakini dhuluma kubwa ninayoiona inawapata wageni. Mwenyeji anayejulikana akiandika jambo kali, wasimamizi husema, “Huyo ndivyo alivyo.” Mgeni akiandika hilo hilo anafungiwa akaunti kabla ya jioni. Nimeshikilia jambo moja katika hili na silegezi: uhusiano wa watu wawili ni ushahidi, umaarufu wa mmoja wao si ushahidi. Kama hao wawili wamezoea kutaniana, nalipima hilo. Kama mmoja ana ujumbe maelfu na mashabiki wengi, nalifunika jina lake na kujiuliza ningeamuaje kama ndiyo kwanza amejiunga.

Taratibu zenyewe zinaweza kumkandamiza mtu hata pale wote wanapojua ni mzaha. Mwaka 2010 kijana mmoja Uingereza, akikerwa na theluji iliyofunga uwanja wa ndege karibu na Doncaster, aliandika Twitter kwa utani kwamba ataulipua. Uongozi wa uwanja uliona si tishio la kuaminika, lakini utaratibu ukataka taarifa ifike polisi. Akashtakiwa, akatiwa hatiani, akapoteza kazi. Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo Julai 2012. Kila mmoja kwenye mnyororo ule alipitisha faili mbele, na hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu nakutana nalo kwa wasimamizi wenzangu: “Imeripotiwa mara nyingi, acha tuifute.” Wingi wa ripoti unanionyesha pa kutazama tu.

Nikishaamua, naandika sababu: mstari upi, kanuni ipi, na nimeusomaje. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya inayadai majukwaa yampe mtumiaji sababu mahususi, nami nafanya hivyo hata pasipo na sheria ya kunilazimisha. “Umekiuka kanuni” si sababu. Na akikata rufaa, faili huenda kwa msimamizi mwingine, bila maoni yangu juu yake, ili ausome mzaha ule kwa macho yake mwenyewe.