Jaji wa Mahakama ya Juu umpime kwa takwimu gani?

Wanasheria wa Marekani hawachoki kuizungumzia Mahakama yao ya Juu kwa lugha ya besiboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo. Aliyeivumisha zaidi ni John Roberts. Mwaka 2005, akihojiwa na maseneta kabla ya kuwa Jaji Mkuu, alisema majaji ni kama marefa: kazi yake kama jaji ni kuamua mpira uliorushwa, si kurusha wala kupiga.

Mimi mfano huo haujawahi kuniingia. Refa hana hiari, kila mpira unaorushwa lazima autolee uamuzi. Majaji wale tisa huchagua kesi: wanne wakikubali, inasikilizwa, wasipotimia, hukumu ya chini hubaki palepale, mara nyingi bila neno la maelezo.

Basi tuwapime kama wachezaji? Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi ni mahiri, hilo halina mjadala. Kwa jaji, tuhesabu mara alizokuwa upande ulioshinda? Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy, John Marshall Harlan alibaki peke yake wenzake saba walipohalalisha kuwatenga weusi na weupe kwenye treni. Kwa hesabu hiyo amepata sifuri. Lakini mwaka 1954, katika kesi ya Brown, majaji wote tisa waliukataa utengano huo kwenye shule za umma.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya besiboli yenyewe. Curt Flood, mchezaji wa timu ya St. Louis Cardinals, alikataa kuhamishiwa Philadelphia bila ridhaa yake, akaenda mahakamani, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura 5 kwa 3. Jaji Harry Blackmun alianza hukumu kwa kuusifia mchezo, akaorodhesha majina ya nyota wa zamani zaidi ya 80. Kwenye hukumu, jamani! Majaji wenzake Warren Burger na Byron White waliafiki matokeo lakini wakakataa kujiunga na sehemu hiyo. Na White huyo aliwahi kucheza futiboli ya Kimarekani ya kulipwa.

Ila jicho langu huishia kwenye tanbihi ya Jaji William Douglas, aliyepinga hukumu hiyo. Mwaka 1953, katika kesi ya Toolson, alikuwa ameungana na walioiacha besiboli nje ya sheria ya ushindani wa kibiashara, sheria ambayo Flood aliitegemea. Sasa akaandika kwamba anajutia. Hakuna mpigaji anayerudishiwa mpira alioukosa miaka 19 iliyopita. Douglas alirudishiwa, akapiga kura tofauti, na bado akawa upande wa walioshindwa. Bunge lilikuja kuwapa wachezaji wa ligi kuu haki ya kulindwa na sheria hiyo mwaka 1998. Flood alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.