Siku zile kabla maji ya Tana hayajafika

Mtu asiyekaa kaunti ya Tana River hudhani mafuriko yetu huja na mvua yetu. Mimi ni mratibu wa dharura, na kazi yangu ya miaka mingi imekuwa katika bonde hili. Mafuriko yaliyonitisha zaidi yalifika jua likiwaka, vumbi likitimka barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, Aberdare na Mlima Kenya, maji yakateremkia mabwawa ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, ndilo ghala kubwa la mto huu, lenye nafasi ya takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Yakijaa yote matano, maji yanayozidi hayana pa kukaa. Hushuka Garissa, yakaja Hola, yakamalizikia Garsen na delta.

Safari hiyo huchukua siku kadhaa. KenGen, kampuni inayozalisha umeme kwenye mabwawa hayo, hutoa tahadhari yanapokaribia kufurika, na Idara ya Hali ya Hewa huwa imeshatoa utabiri wa msimu. Kwa hiyo kaunti yetu ina kitu ambacho watu wa Mai Mahiu, kule Bonde la Ufa, hawakukipata usiku ule wa Aprili 2024, maji yalipowashukia wamelala: ina muda. Kila ninapoulizwa kaunti hujiandaa vipi kwa majanga, mimi hujibu kwa kueleza siku hizo hutumikaje, na hupoteaje.

Kwanza hupotea katika maneno. Tahadhari huja kwa lugha ya wahandisi: kimo cha bwawa juu ya usawa wa bahari, mita za ujazo kwa sekunde. Barua hiyo hufika kwa gavana na kwa kamishna wa kaunti, ikateremka kwa naibu kamishna, kwa chifu, kwa mzee wa kijiji. Wakati mmoja nilimsomea mzee mmoja wa Kipokomo barua kama hiyo chini ya mwembe wake. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, hayo yote nimesikia. Sasa niambie, maji yatafika kwenye huu mwembe au hayatafika?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi ofisini nikiwa na aibu, na tangu siku hiyo nimelishikilia swali lake. Kazi ya onyo haijakwisha mpaka mtu ajue maji yatafika wapi, lini, na yeye aende wapi. Tukaanza kutembea na wazee, wanatuonyesha maji ya El Niño ya 1997 yalikomea wapi, ya 2018 wapi, tunapiga rangi kwenye mti au kwenye ukuta wa shule. Sasa tahadhari ikija tunaweza kusema: safari hii tazamieni alama ya pili. Watu huelewa papo hapo, na huanza kubishana kuhusu mbuzi na magodoro badala ya kubishana kama onyo ni la kweli.

Lazima niseme pia kwamba watu wa mto hawahami kwa urahisi, na wana sababu. Mpokomo anategemea gharika ndogo ilete rutuba kwenye shamba la mpunga, na migomba yake iko pale pale ukingoni. Mworma na Mwardei wana ng'ombe wa kufikiria kabla ya nyumba. Afisa anayekuja na neno "hameni" peke yake, bila kusema mifugo itakunywa wapi na mazao yatalindwa na nani, atapuuzwa, na mimi siwalaumu wanaompuuza.

Pili, siku hupotea katika fedha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za zimamoto na usimamizi wa majanga, na wakati huo huo ikaiachia serikali ya kitaifa jukumu la majanga pia. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na Hazina ya Dharura. Waziri wa fedha wa kaunti anaweza kulipa kutoka humo bila kusubiri bunge la kaunti, mradi asivuke asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia kwa hesabu zilizokaguliwa, kisha aombe idhini ya bunge ndani ya miezi miwili. Ni utaratibu mzuri. Ugumu uko kwenye masharti: hitaji liwe la haraka na lisilotarajiwa.

Nimekaa mkutanoni, katika kaunti moja ambayo sitaitaja, tukiwa na barua ya tahadhari mezani, tukaambiwa fedha haziwezi kutoka kwa kuwa mafuriko bado hayajatokea. Aliyesema hivyo alikuwa akiogopa mkaguzi wa hesabu, na woga wake ulikuwa wa kweli. Lakini sheria hiyo hiyo inazungumzia tukio linalotishia maisha ya watu. Linalotishia, yaani bado liko njiani. Mafuta ya boti yanunuliwe tishio likiwa Kiambere, kwa sababu likishafika Garsen barabara imekatika na lori la mafuta halipiti. Tulipata fedha baada ya maji kufika, na kila kitu kilitugharimu zaidi, kuanzia turubai hadi nauli za wenye mitumbwi. Tangu hapo, kila ninapofanya kazi, nasisitiza mambo ya msingi yawekwe kwenye bajeti ya kawaida ya mwaka, hazina ibaki kwa yale ambayo kweli hatukuyaona.

Boti zenyewe zanikumbusha Madogo, ng'ambo ya mto kutoka Garissa. Novemba 2023 maji yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi hapo Mororo, watu wakawa wanavushwa kwa boti. Mwishoni mwa Aprili 2024 barabara ikakatika tena eneo lile lile, na tarehe 28 boti iliyojaa abiria ikazama Kona Punda. Watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa maji. Sitoki kwenye tukio hilo bila uchungu. Miezi mitano ilitosha kuandikisha kila boti, kuandika ubavuni idadi ya abiria, na kuweka maboya ya kuvaa pande zote mbili za maji. Kwangu mimi, hayo ndiyo maandalizi. Barabara ikijulikana kwamba itakatika, kivuko chake nacho kipangwe kama tunavyopanga hospitali.

Wakati wa tukio lenyewe, kaunti huongozwa na kamati inayomkutanisha gavana na kamishna, idara, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame na Msalaba Mwekundu. Hufanya kazi vizuri pale mtu mmoja anaposhika orodha moja ya waathiriwa. Zikiwa orodha tatu, chakula hufika mara tatu kambi moja na kambi nyingine hulala njaa.

Kambini ninaangalia maji na vyoo kabla ya mahema. Lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni, kisha tushushe hadi 20. Ukichelewa hapo, kipindupindu hakichelewi.

Mwezi huu mto umepungua, mchanga unaonekana katikati. Tumepanga kupitia vijiji vyenye alama, maana rangi nyingine imefifia kwa jua, na tunaandika upya majina ya wasioweza kutembea wenyewe: wazee, wajawazito wa miezi ya mwisho, watoto wenye ulemavu, pamoja na jina la jirani atakayembeba kila mmoja. Mzee wa ule mwembe amenitumia ujumbe kuwa alama yake bado inasomeka, ila mjukuu wake amehamia upande wa chini ya ile ya kwanza. Tutaanzia huko.