"Si magofu tu haya?" Dhana potofu kuhusu safari ya siku moja Ayutthaya

Juzi tena. Tumeshuka kwenye basi Ayutthaya, mji wa kale wa Thailand, mbele ya Wat Mahathat (wat ni hekalu la Kibudha), jua liko utosini, na kabla mwongozaji hajamaliza kugawa tiketi, kijana mmoja wa kundi langu ameshapanda kwenye msingi wa sanamu isiyo na kichwa. Amejibanza nyuma yake, kidevu kakiweka pale shingo ilipokatika, anampungia mwenzake mwenye simu: piga, piga! Mlinzi akapuliza filimbi. Kijana akashuka huku anacheka, akaniambia maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu: "Mama, si magofu tu haya?"

Kazi yangu ni kusindikiza watu Bangkok. Wengi wanafuata nguo soko la Pratunam, wengine wameleta mgonjwa hospitali, na ikipatikana siku moja ya kupumua wananiomba niwapangie safari ya mahekalu na mto. Karibu kila mara tunaishia Ayutthaya, kilomita 80 hivi kaskazini ya jiji. Na karibu kila mara nakutana na dhana zilezile. Hii ya magofu ndiyo inayonimaliza, kwa hiyo mnivumilie nikikaa nayo.

Mji wa Ayutthaya ulianzishwa mwaka 1350 ukawa makao makuu ya Siam, ndiyo Thailand ya leo, kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1767 jeshi la Burma liliuteka baada ya kuuzingira kwa zaidi ya mwaka mzima, likauchoma. Hayo kila mwongozaji atakwambia, na ni kweli. Kosa linaanzia pale msikilizaji anapohitimisha mwenyewe: mji umekufa, basi na dini yake humo imekufa, basi haya ni matofali na mimi nina simu mpya.

Hebu tutoke Ayutthaya kidogo twende Kaole, pale Bagamoyo. Msikiti hauna paa, haujaswaliwa kwa karne nyingi. Lakini makaburi yale bado yana watu wake, na wapo wanaokwenda kuomba dua pale hadi leo. Sasa aje mgeni amevaa kaptura ya ufukweni, apande juu ya kaburi, akunje nne apigwe picha. Utamwambia "endelea, ni magofu tu"? Yule kijana nilimuuliza hivyohivyo. Akanyamaza, maana mamaye ni mtu wa Bagamoyo.

Kwa Mbudha, sanamu ya Buddha haipotezi heshima kwa kukatika kichwa. Nenda Wat Yai Chai Mongkhon, upande wa mashariki wa mto, utazame sanamu zilizopangwa kuzunguka chedi kubwa, ule mnara wa kuhifadhia masalia matakatifu: zimevishwa vitambaa vya rangi ya manjano, na kuna mtu anayevibadilisha vikichakaa. Watawa wanaishi palepale. Pembeni ya Wat Phra Si Sanphet, yenye zile chedi tatu mnazoziona kwenye kila kalenda, kuna jengo la Phra Mongkhon Bophit lenye Buddha mkubwa wa shaba. Ingia siku ya mapumziko uone familia za Kithai zilivyojaa zikisujudu, ubani unafuka, watoto wanafundishwa kukaa miguu imekunjwa nyuma. Hekalu hai na gofu vimetenganishwa na hatua chache tu. Hivyo mtu akikwambia "mahekalu ya Ayutthaya yalikufa 1767", muulize lipi.

Halafu kuna kile kichwa cha Wat Mahathat kilichokumbatiwa na mizizi ya mti. Kila mtu anakitaka. Kipige picha, hakuna aliyekukataza, ila chuchumaa: kichwa chako kisizidi kimo cha kichwa cha Buddha. Bango lipo, mlinzi yupo, na bado kila wiki namwona mtu mzima amesimama wima anabishana. Mwenzangu, magoti yako yana shida gani? Sokoni Kariakoo unachuchumaa kuchagua nyanya.

Wengine huniambia, "Kwani watatufanya nini?" Kwa picha ya kijinga, mara nyingi filimbi na aibu, basi. Lakini Thailand kukashifu kitu cha ibada ni kosa la jinai, kifungu cha 206, na adhabu yake inaweza kufika miaka 7 jela. Sisemi utafungwa kwa kukaa vibaya. Nasema unachezea kitu ambacho wenyewe wamekiwekea sheria nzito, nawe una ndege ya kesho usiku.

Dhana hii ina mdogo wake: "Vichwa vyote vilikatwa na Waburma." Hapana, si vyote. Vita viliharibu mengi, hilo halina ubishi. Ile Buddha kubwa iliyopakwa dhahabu ya Wat Phra Si Sanphet ilichomwa ili dhahabu iyeyuke. Ila sanamu nyingi za mawe ziliungwa vipande vipande, na pa kuachia kwanza ni shingoni. Wakaja wezi. Kichwa hubebeka, kiwiliwili hakibebeki, na kulikuwa na wanunuzi wa vitu vya kale ng'ambo. Wathai wenyewe walichimbua mahekalu wakitafuta dhahabu: mwaka 1957 wezi walifukua chumba cha siri chini ya mnara wa Wat Ratchaburana, hekalu lililojengwa na mfalme mahali walipochomwa maiti za kaka zake wawili, waliouana wakipigania kiti cha enzi juu ya tembo. Kilichookolewa kipo kwenye makumbusho ya Chao Sam Phraya, mjini hapohapo. Makundi mengi huyapita makumbusho hayo bila kugeuza shingo, eti "tumeshaona dhahabu Bangkok". Mimi ningefuta hekalu moja kwenye ratiba ili yaingie.

Na matofali je? Bangkok ilipofanywa makao makuu mwaka 1782, Mfalme Rama wa Kwanza aliagiza matofali ya Ayutthaya yabomolewe yakajenge mji mpya. Yalipita mtoni, kwa mashua. Mabaki ya ile Buddha iliyochomwa nayo yaliteremshwa Bangkok yakahifadhiwa ndani ya chedi pale Wat Pho. Yaani ukipanda boti kurudi Bangkok jioni, unafuata njia ileile uliyopita mji wenyewe. Hili huwa nalisema tukiwa majini. Watu hunyamaza kidogo, hata wale wa Pratunam wanaohesabu mizigo vichwani.

Dhana hii ya magofu ina mwisho wake dukani. Mteja wangu mmoja, mama mwenye saluni, alitaka kichwa cha Buddha cha kuweka mapokezi, "kinatuliza macho". Bangkok kuna mabango makubwa barabarani yanayowaambia wageni kwamba Buddha si pambo la nyumba. Tena kutoa sanamu ya Buddha nchini kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa ya serikali. Kidani kidogo unachokivaa shingoni hakina shida. Alinunua mwavuli.

Basi, tushuke mtoni.

"Tunakwenda kwa boti na kurudi kwa boti." Si lazima, na kwa kawaida sivyo. Safari nyingi za kundi zinakwenda kwa basi asubuhi, kisha mnapanda boti kubwa mahali fulani kusini ya Ayutthaya, mnakula mchana humo mkiteremka hadi Bangkok. Boti kwa njia yote, kupanda na kushuka, ingekula siku nzima na mahekalu usiyaone. Kabla hujalipa uliza: boti inaanzia gati gani, na tutakuwa majini kwa saa ngapi? Wakala akianza kujikanyaga, jibu umepata.

Mkiniachia mimi, ile boti kubwa yenye meza za chakula naiacha. Nachukua mtumbwi mrefu wa mashine, ule wa mkia mrefu, jioni, tunazunguka kisiwa. Ndiyo, kisiwa: mji wa kale umezungukwa na maji ya mito mitatu, Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi. Kwa muda wa saa moja hivi, pamoja na vituo, unaona Wat Phanan Choeng pale Pa Sak inapoingia Chao Phraya, hekalu lililokuwepo tangu 1324, kabla ya mji wenyewe, na ndani yake Buddha wa mita 19 hivi anayekufanya ushike shingo. Halafu Wat Chaiwatthanaram ya mwaka 1630, ukingo wa magharibi, jua likizama nyuma ya mnara wake. Mabasi ya saa 9 yameshaondoka na watu wake wamelala vitini.

Pale Chaiwatthanaram utaona wasichana wa Kithai wamevaa nguo za kale za kukodi wakipigana picha. Desturi hiyo ilishika moto baada ya tamthilia moja ya televisheni ya mwaka 2018. Kwa hiyo msije mkaniambia nawakataza picha. Mavazi wanayo, mikao wanayo, na juu ya sanamu hawapandi.

"Maji yale ni machafu, ona rangi." Rangi ni udongo, kama Rufiji. Rangi hiyo peke yake haitoshi kukwambia maji ni machafu kiasi gani. Usiyanywe, usiogelee, lakini usikae boti nzima umefunika pua. Na ule mto wanaouita "Menam" kwenye ramani za zamani ndio huuhuu: mae nam kwa Kithai maana yake ni mto tu. Mzungu aliuliza mto unaitwaje, akajibiwa "mto", akaandika.

"Tutaona na daraja la Mto Kwai." Hapana. Lile liko Kanchanaburi, magharibi kabisa, mto mwingine, siku nyingine. Wakala anayekuuzia vyote viwili kwa siku moja anakuuzia kiti cha basi.

"Kwa nini tulipe mwongozaji Mthai wakati wewe unajua yote na unaongea Kiswahili?" Asanteni kwa sifa. Kazi ya kuongoza watalii Thailand kisheria ni ya raia wa Thailand, tena mwenye leseni. Kadi yake inaning'inia kifuani. Nami ni mgeni kama ninyi. Yeye anaongoza, mimi natafsiri na kuhesabu vichwa. Ila anayetaka kwenda peke yake sitamzuia: treni ya kawaida ni ya bei ya chai na andazi, ukishuka unavuka Pa Sak kwa kivuko kidogo, unakodi baiskeli. Usikodi mwezi wa Aprili, kwa joto lile. Nimeshamwagia mtu maji ya chupa mbili kichwani kando ya barabara, mtu mwenye digrii.

Mavazi sasa. "Nimefunga mtandio, inatosha." Magoti na mabega yafunikwe, hiyo ndiyo kanuni, na kwa hili nina dawa moja ambayo wateja wangu wameichoka: beba khanga. Doti nzima. Moja kiunoni, nyingine begani. Jua likizidi, kichwani. Kwenye boti, ya kukalia. Hakuna vazi la mtalii linaloishinda. Kasoro yake ni Jumba la Kifalme la Bangkok, ambako shuka begani juu ya blauzi isiyo na mikono hurudishwa mlangoni. Pale vaa mikono kweli.

Na hapohapo nje ya Jumba la Kifalme ndipo yule bwana mpole anapokuja, nadhifu, Kiingereza safi: "Leo pamefungwa, kuna ibada maalumu. Panda bajaji hii, baht 20 tu, itakuzungusha mahekalu mengine." Hapajafungwa. Pako wazi tangu saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na dirisha la tiketi, baht 500 kwa mgeni, liko ndani, si kwake. Bajaji ya baht 20 inaishia duka la vito. Wateja wangu wawili wa Arusha walirudi hotelini na tanzanaiti "ya bei ya kiwandani". Watu wa Arusha! Jiwe linalochimbwa Mererani tu duniani kote, wamelifuata Bangkok kwa bajaji. Sikucheka mbele yao.

Na la mwisho, kutoka kwa wateja wangu wa Zanzibar na Mombasa: "Kule chakula chetu hakuna, tutakula biskuti." Ayutthaya ina Waislamu tangu enzi za wafalme wake, na kaburi la Sheikh Ahmad, mfanyabiashara wa Kiajemi aliyepanda hadi kuwa ofisa mkubwa wa serikali katika karne ya 17, liko mjini hapo. Vyakula vya halali vipo. Kitu cha kununua ni roti sai mai: vibanda vya Waislamu vinapika chapati nyembamba kama karatasi, za kijani na za pinki, unaviringia nyuzi za sukari ndani yake. Kula ukiwa nchi kavu. Kwenye mtumbwi upepo unachukua zile nyuzi zote, nami nimeshazitoa kwenye hijabu ya abiria wa nyuma.