Kabla ya Kudai Operesheni ya Mgongo

Malalamiko katika kliniki yetu ya mgongo yameongezeka, na mengi yanafanana: mgonjwa kaja na picha ya MRI (inayopigwa kwa sumaku), kashaambiwa mfereji wa uti wa mgongo, yaani njia ya neva ndani ya pingili, umebana, halafu daktari anamwanzishia mazoezi badala ya kumpangia operesheni. Anaondoka akiona amepuuzwa.

Mfereji huo hupungua upana kadiri umri unavyosogea, hasa kiunoni kati ya pingili ya nne na ya tano. Diski, yaani vimto vilivyo kati ya pingili, hubonyea, viungo vya pingili hunenepa, ligamenti zinazoshikanisha pingili nazo hukakamaa. Wazee wengi wana picha ya namna hiyo na bado wanalima na kugombania daladala. Hatutibu picha.

Tunachotafuta ni mwenendo wa miguu. Mwenye tatizo hili hutembea kidogo, mapaja na mashavu ya miguu yakawa mazito, yakawaka moto au kufa ganzi. Akikaa au kuinama, baada ya dakika chache anaendelea. Kupanda kilima kwake ni afadhali kuliko kushuka, na baiskeli anaendesha vizuri tu, maana anakuwa ameinama. Anayepona kwa kusimama wima tu, tunachunguza mishipa ya damu. Mwenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, tunamchunguza TB ya mgongo. Maswali hayo ndiyo kipimo chenyewe, si kupoteza muda.

Na jamani, si kila maumivu ya kiuno ni figo. Kinachosikitisha ni kwamba anayeogopa figo ndiye anayechomwa sindano za diklofenaki mtaani kila wiki. Hazipanui mfereji, na hizo ndizo zinazoweza kuharibu figo.

Wengi huanza na mazoezi tiba ya kukunja kiuno na kuimarisha misuli ya tumbo, kwa wiki 6 hadi 12, pamoja na dawa za maumivu kwa kipimo cha daktari. Siku tatu hazihesabiki.

Anayepewa rufaa aje na barua halisi yenye tarehe, sahihi na muhuri, ikitaja dawa alizotumia na muda wa mazoezi. Alete picha zenyewe, filamu au CD, si ripoti peke yake. Mwenye bima aulizie kibali kabla ya MRI. Akishalipa mfukoni, asitegemee kurudishiwa. Mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini aseme mapema, hata kama hajaulizwa.

Miguu ikiendelea kushindwa, operesheni huondoa mfupa na ligamenti zinazobana. Husaidia zaidi miguu kuliko maumivu ya kiuno, na hilo tunalieleza kabla ya mgonjwa kutia sahihi. Hatari zipo, zikiwemo maambukizi na kujeruhiwa kwa neva, lakini kupooza ni nadra: kwa mtu mzima uti wenyewe, yaani ile kamba ya neva ndani ya mfereji, huishia juu zaidi ya eneo hilo la kiuno.

Wapo watu wa aina moja ambao utaratibu wote huo hauwahusu. Ukipata ganzi makalioni na sehemu za siri, mkojo ukagoma au haja ikatoka bila kujijua, au miguu ikalegea ghafla, usisubiri barua wala siku ya kliniki. Nenda idara ya dharura, hata usiku wa manane. Hapo tunahesabu saa.