Unyevu kwenye kuta zenye povu: yasemwayo na ukweli wenyewe

"Ukuta wa povu hauingii maji." Polistirini, lile povu jepesi lililo katikati ya ukuta, yenyewe hainywi maji mengi, hilo kweli. Lakini maji hayahitaji kuipenya. Hupita kwenye pembe za madirisha, tundu za mabomba na nyufa za plasta. Yakifika kwenye wavu wa chuma ulio ndani ya plasta, unashika kutu, kutu inafura, na plasta inazidi kupasuka. Kizingiti cha dirisha kitokeze nje milimita 40 hivi, kiinamie nje, na chini yake kichongwe mfereji mdogo ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Mafundi wengi huuruka mfereji huo, ilhali ni kazi ya dakika chache.

"Lazima nailoni ya kuzuia mvuke ipigwe upande wa ndani." Ushauri huu ni wa Kanada na nchi za theluji. Huko ndani ni joto, nje ni baridi, na mvuke husafiri kutoka ndani kwenda nje. Chumba chenye eyasii (mashine ya kupoza hewa) Kisumu ni kinyume kabisa. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 22. Ukipiga nailoni nyuma ya bodi ya jipsamu, hewa ya ziwani inayopenya kutoka nje itaachia maji yake hapo hapo, na bodi itaota kuvu mgongoni kabla hujaona doa. Ndani acha plasta na rangi ya maji. Nailoni mahali pake ni chini ya sakafu, ile nene ya geji 1000, vipande vipishane milimita 300.

"Kuvu huletwa na mvua tu." Nakuru usiku ni baridi, na kwenye nyumba ya mabati iliyopigwa bodi maji mengi hutoka jikoni kama mvuke. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa takriban lita moja na nusu ya maji. Mtungi wa kilo 6 ni lita tisa hivi, bado hujahesabu nguo zilizoanikwa ndani. Bandika karatasi ya foili ukutani, sentimita 30 kwa 30, uzibe kingo zote kwa selotepu. Baada ya siku mbili, umande ukiwa upande wa chumba, unyevu ni wa hewa ya ndani: fungua madirisha unapopika. Ukiwa nyuma yake, maji yamo ukutani.

"Rangi ya kuzuia maji itamaliza." Ikipakwa ndani juu ya ukuta uliolowa, hutoka malengelenge. Ziba kwanza njia ya maji, acha ukuta ukauke, halafu ndipo upake.